Kikohozi cha Mtoto Usiku: Hesabu Pumzi Kabla ya Kununua Dawa

Katika nyumba nyingi za Tanzania, za mjini na za vijijini, kikohozi cha mtoto usiku huamsha watu wote. Mama huketi kitandani akimpakata mtoto. Baba hutafuta chupa ya dawa ya maji iliyobaki tangu mwezi uliopita. Bibi, kama yupo, huulizia asali na ndimu. Kunapopambazuka mtu hutumwa duka la dawa kununua chupa nyingine. Jambo hili limezoeleka mno hata si wengi wanaojiuliza kama lina msingi wowote wa kisayansi.

Hoja ya makala hii ni kwamba kati ya watu wazima hao watatu, bibi ndiye aliye karibu zaidi na sayansi. Hata hivyo yeye naye hajaikamilisha kazi, kwa maana kifaa kinachohitajika zaidi usiku huo si chupa wala kijiko, bali ni saa. Kikohozi chenyewe mara nyingi si cha kuogopwa. Kinachopasa kuchunguzwa ni namna mtoto anavyopumua. Elimu ya kutofautisha mambo hayo mawili ni nyepesi kiasi cha kufundishika katika shule yoyote ya sekondari, na kukosekana kwake kunagharimu maisha ya watoto.

KIKOHOZI NI MLINZI

Kikohozi si ugonjwa. Ni kitendo cha mwili cha kujilinda, sawa na kupiga chafya au kufumba jicho mbele ya vumbi. Ukuta wa ndani wa njia za hewa umefunikwa na ute unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute huo kuna vijinywele vidogo mno ambavyo hupiga kasia bila kukoma, vikiusukuma ute kuelekea kooni, ambako humezwa bila mtu kutambua. Ute ukizidi, au vijinywele vikidhoofishwa na virusi au na moshi, kazi hiyo hulemaa. Hapo ndipo neva zilizomo katika zoloto na njia za hewa hupeleka habari kwenye sehemu ya chini ya ubongo, na amri hurudi mara moja: pumzi ndefu huvutwa, mlango wa zoloto hufungwa, misuli ya tumbo na ya kifua hukazwa, kisha mlango hufunguka ghafla na hewa hutoka kwa kishindo ikiuchukua ule ute. Kwa hiyo anayetaka kukizima kikohozi kabisa anataka kumfukuza mlinzi wakati wezi wamo uani.

Kwa mtoto mdogo, chanzo cha kikohozi mara nyingi ni mafua ya kawaida. Mafua hayo huletwa na virusi vya aina zaidi ya 100, na mtoto aweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka bila ya kuwa na kasoro yoyote mwilini. Viuavijasumu, kama vile amoksilini, huua bakteria. Haviui virusi vya mafua. Kikohozi cha mafua, aidha, huchukua muda mrefu kuliko wazazi wanavyotarajia. Watoto wengi hupona ndani ya wiki 2, lakini wapo ambao huendelea kukohoa hadi wiki ya tatu. Hata hivyo, katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo, mtoto anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apelekwe kituo cha afya akachunguzwe.

KWA NINI USIKU?

Wazazi hawakosei wanaposema kwamba kikohozi huzidi usiku. Mtoto anapolala, ute wa puani hautiririki tena kutoka nje, bali hurudi nyuma na kukusanyika kooni. Pua ikiziba, hupumua kwa mdomo, na koo hukauka. Pengine chumba chenyewe kina moshi wa kuni au wa mkaa uliobaki baada ya mapishi ya jioni, au wa dawa ya mbu ya kuchoma. Tena usiku nyumba huwa kimya, na kikohozi ambacho mchana kilimezwa na kelele sasa husikika chote.

Iko sababu nyingine ambayo wanafunzi wa fizikia wataielewa vizuri. Hewa inapopita katika bomba kwa utulivu, ukinzani wa bomba hubadilika kinyume na nguvu ya nne ya nusukipenyo chake. Tuchukue njia ya hewa ya mtoto mchanga yenye kipenyo cha milimita 4, na ya mtu mzima yenye kipenyo cha milimita 8. Kuta za njia zote mbili zikivimba kwa milimita 1 kila upande, nusukipenyo cha mtu mzima hupungua kutoka 4 hadi 3, na ukinzani huongezeka mara 3 hivi. Lakini cha mtoto hupungua kutoka 2 hadi 1, na ukinzani huongezeka mara 16. Uvimbe ambao kwa baba ni usumbufu mdogo, kwa mtoto ni mzigo mzito. Ndiyo maana mafua yale yale humwacha baba aende kazini, na mtoto humnyima usingizi.

CHUPA YA DAWA

Dawa za maji za kikohozi huuzwa kwa wingi, zina ladha tamu, na zimeandikwa maneno ya kutia moyo. Lakini zilipopimwa kwa utaratibu wa kisayansi hazikuonekana kuwasaidia watoto wadogo kwa kiasi cha maana. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapitio ya dawa hizo, likaelekeza kwamba kwa kutuliza koo zinafaa tiba salama za nyumbani. Januari 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwashauri wazazi wasiwape kabisa watoto walio chini ya miaka 2 dawa za kikohozi na mafua zinazonunuliwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa zaweza kuwaletea madhara makubwa.

Baadhi ya dawa hizo huonekana kana kwamba zimefanya kazi kwa sababu zina kitu kinachomlevya mtoto usingizi. Mtoto hunyamaza, na wazazi hushukuru. Lakini kulala kwa dawa si kupona. Moja ya dalili za hatari kwa mtoto mgonjwa ni kulegea na kulala kupita kawaida, na mzazi aliyempa mtoto dawa ya usingizi amejifunga macho mwenyewe. Hataweza tena kujua kama mtoto amelala kwa dawa au amezidiwa.

Lipo pia jambo la usafi wa viambato. Dawa hizi huhitaji kimiminiko kizito na kitamu, kama gliserini, ambacho mahali pengine kimewahi kuchanganywa au kubadilishwa na dayethilini glikoli, kemikali ya viwandani inayoharibu figo. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya salfanilamaidi iliyoyeyushwa katika kemikali hiyo iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwalazimu watengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Ingedhaniwa kwamba somo hilo lilitosha. Lakini Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na kemikali hiyo hiyo pamoja na ethilini glikoli. Zilihusishwa na vifo vya watoto wasiopungua 66.

Haki isemwe: chupa nyingi zilizomo madukani hazina sumu. Lakini kila dawa ina hatari fulani, hata kama ni ndogo, na hatari hiyo hukubalika tu pale faida inapoizidi. Faida isipokuwapo, hata hatari ndogo ni kubwa mno.

ASALI YA BIBI

Asali na ndimu ya bibi, ambayo vijana wasomi huenda wameanza kuionea haya, imepita mtihani ambao chupa nyingi zimeushindwa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku. Kundi moja lilipewa asali kabla ya kulala, la pili lilipewa dekstromethofani, ambayo ni dawa mashuhuri ya kutuliza kikohozi, na la tatu halikupewa kitu. Waliopewa asali walilala vizuri kuliko wasiopewa kitu. Waliopewa dawa hawakuwazidi wasiopewa kitu kwa kiasi cha kuaminika.

Mwaka 2012 watafiti wa Israeli waliwachunguza watoto 300 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Hao walilinganisha asali za aina tatu na sharubati ya tende inayofanana na asali kwa rangi na ladha, ili wazazi wasitambue kilichotolewa. Makundi yote yalipata nafuu, jambo linaloonyesha kwamba kikohozi hupungua chenyewe na kwamba kitu kitamu na kizito hutuliza koo. Lakini waliopewa asali walipata nafuu zaidi. Mapitio ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio sita yenye jumla ya watoto 899, yaliafiki kwamba asali yaelekea ni bora kuliko kutotoa kitu. Nafuu hiyo ni ya siku chache za mwanzo, na asali haiui virusi wala haifupishi ugonjwa. Inatuliza, nayo haidai zaidi ya hapo.

Nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kabla ya kulala chatosha, na kinywa kisafishwe baadaye kwa ajili ya meno. Nchi yenye asali ya Tabora na Singida haina haja ya kuagiza utulivu wa koo kutoka ng'ambo.

Sharti moja halina msamaha: mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali hata kidogo. Asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga zaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Ugonjwa huo wa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976, na bibi zetu hawawezi kulaumiwa kwa kutoujua. Ila wajukuu wao waliosoma wana wajibu wa kuwaambia. Mtoto wa umri huo anyonyeshwe mara kwa mara, na pua yake isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi. Maji hayo hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi, yaani karibu kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mwenye umri wa zaidi ya miezi 6 aweza kupewa pia maji au kinywaji cha uvuguvugu.

Kuheshimu hekima ya wazee si kukubali kila kitu. Kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa imani kwamba ndicho kinacholeta kikohozi, kumesababisha kutoka damu nyingi na maambukizo, na hakuondoi chanzo chochote cha kikohozi. Mafua huletwa na virusi, na kimeo hakina hatia. Kumnywesha mtoto mafuta ya taa ni hatari kubwa zaidi, kwani mafuta hayo huingia mapafuni kwa urahisi na kuyaunguza. Kumfukiza mtoto mdogo kwa sufuria ya maji ya moto humweka katika hatari ya kubabuka. Kuingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto, hasa katika nyanda za baridi kama Njombe na Lushoto, huleta hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewahi kuua watu usingizini.

KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Miongoni mwa watoto wengi wanaokohoa kwa mafua, wachache wana nimonia. Huo si ugonjwa wa koo bali wa mapafu yenyewe, ambayo hujaa majimaji na usaha. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani, ingawa ile ya bakteria hutibika kwa amoksilini isiyo ghali, mradi mtoto afikishwe mapema. Ukali wa sauti ya kikohozi haumtambulishi mtoto huyo. Anatambulikana kwa pumzi zake: mapafu yaliyojaa hukakamaa, hayawezi kuvuta hewa nyingi kwa mara moja, na mwili hulipa deni hilo kwa kupumua haraka haraka.

Ujuzi huu haukuzaliwa katika maabara ya kifahari. Ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya daktari Frank Shann na wenzake huko Goroka, katika milima ya Papua New Guinea, iliyochapishwa mwaka 1984. Walitafuta njia ya kutambua nimonia mahali pasipo na mashine ya eksirei, wakaona kwamba kasi ya pumzi na kubonyea kwa kifua ni viongozi wanaoaminika. Kutokana na kazi za namna hiyo Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayotumika hadi leo. Mtoto anapumua haraka iwapo pumzi zake kwa dakika ni:

60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Nguo ifunuliwe ili tumbo na kifua vionekane, na kila kuinuka kuhesabiwe pumzi moja, kwa dakika nzima. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 ni kuzidisha pia kosa: pumzi moja iliyosahauliwa hugeuka nne. Idadi ikifika kwenye mpaka au kuupita, ahesabiwe tena kuhakikisha, kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Apelekwe upesi zaidi, bila kujali idadi, endapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anatoa mlio mkali wa kuvuta pumzi akiwa ametulia, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Mtoto wa chini ya miezi 2 aliye na homa au anayepumua haraka hana muda wa kusubiri kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu pumzi ni kazi ya wataalamu, na kwamba mama wa kijijini atakosea na kuijaza zahanati kwa hofu. Jibu liko Bagamoyo. Katika miaka ya 1980 wahudumu wa afya wa vijiji katika wilaya hiyo walifundishwa kuitambua nimonia kwa dalili za namna hii na kuitibu au kumpeleka mtoto mbele. Matokeo yaliyochapishwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya robo. Hao hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakijiji waliofundishwa vizuri. Na hata mzazi akikosea kwa kuhofu bure, hasara ni safari ya zahanati. Akikosea kwa kutuliza kikohozi na kusahau pumzi, hasara haina fidia.

WAJIBU WA SHULE

Chanjo dhidi ya nimonia ya nimokoki, inayotolewa nchini tangu kuanza kwa mwaka 2013, imepunguza hatari, lakini haizuii nimonia zote. Elimu ya nyumbani bado inahitajika, na shule za sekondari ndizo mahali pake. Mwanafunzi wa leo ni kaka au dada wa mtoto anayekohoa leo, na baada ya miaka michache atakuwa mzazi.

Zoezi lenyewe halihitaji maabara. Kila mwanafunzi ahesabu pumzi za mdogo wake au za mtoto wa jirani, kwa ruhusa ya wazazi, mtoto akiwa amelala, akiwa ameamka ametulia, na baada ya kucheza. Darasa likusanye takwimu, lichore grafu ya pumzi kwa umri, lilinganishe hesabu ya dakika nzima na ile ya sekunde 15. Mwalimu wa baiolojia atapata somo la mapafu, wa fizikia somo la ukinzani, wa hisabati somo la makosa ya vipimo. Kisha waulizwe: mtoto anayepumua mara 48 kwa dakika, je, anapumua haraka? Wanafunzi watatambua kwamba swali halina jibu mpaka umri ujulikane. Akiwa na miezi 10 hajafika kwenye mpaka, akiwa na miezi 13 ameupita. Mwanafunzi aliyelitambua hilo amejifunza maana ya kipimo, jambo ambalo huwaponyoka wengi waliokariri kanuni.

Nchi hii imewahi kufanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima karibu milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, ikawafundisha juu ya malaria, kuhara na vyoo. Siku hizi saa ya kuhesabia sekunde imo katika simu iliyo mfukoni mwa mkulima. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuitumia. Taifa lililowahi kufundisha watu milioni 2 kwa redio haliwezi kushindwa kuwafundisha wazazi wake kuhesabu hadi 50.